Bondia wa Kulipwa Akitaka Jezi ya Taifa: Ninavyompima na Kumwandaa

Ilikuwa jioni ya msimu wa kusi, mvua imetoka kukatika, ukumbi wetu hapa Maweni, Malindi, unanuka jasho na saruji iliyolowa. Kijana wa Muyeye aliingia na mkoba begani. "Shikamoo, kocha." "Marahaba, mwanangu." Akakaa kwenye benchi, akafungua kamba za viatu, akazifunga tena. Nikajua ana neno. "Kocha, nataka kurudi ridhaa. Nataka Olimpiki."

Alikuwa na mapigano matatu ya kulipwa, yote ya raundi nne. Malipo yake yaliishia kwenye nauli na kwa daktari aliyemtazama kidole gumba. Nilimwambia aje kesho alfajiri, asile wala asinywe hata maji, tuanzie kwenye mizani.

Miaka michache kabla yake alinijia mwingine na ombi hilohilo. Huyo alikuwa mtu mzima, ana mke na watoto, kavuka mapigano ishirini, jina lake linajulikana kutoka hapa mpaka Kilifi. Nilimkatalia. Alikasirika, na wapo watu wa mtaani ambao hadi leo wanasema nilimzibia riziki. Naandika haya kwa makocha wenzangu wa miji midogo ya pwani, maana ombi hili litawajia nanyi, na mkilijibu kwa huruma tu, au kwa hasira tu, mtamuumiza mtu.

Mlango ulivyofunguka

Kwa miaka mingi ndondi za Olimpiki zilikuwa za ridhaa peke yake. Tenisi ilirudi Olimpiki na wachezaji wake wa kulipwa mwaka 1988 kule Seoul, mpira wa kikapu ukaleta nyota wa NBA mwaka 1992 kule Barcelona, ndondi ikabaki ilipo. Tarehe 1 Juni 2016 shirikisho la dunia la wakati ule, AIBA, lilikutana Lausanne, Uswisi. Vyama 84 kati ya 88 vikakubali mabondia wa kulipwa waingie. Ilikuwa imebaki kama miezi miwili tu Olimpiki ya Rio ianze. WBC, mojawapo ya vyombo vya mikanda ya ndondi za kulipwa, nayo ikatangaza kuwa bingwa wake, au bondia yeyote aliye katika kumi na tano bora wake, akienda Rio atafungiwa miaka miwili. Hoja yao ilikuwa usalama: mtu mzima aliyekomaa kwa makonde ya kulipwa atawekwa mbele ya kijana wa miaka kumi na tisa.

Nami niliiamini hoja hiyo. Nilikaa nikingoja kuona vijana wakibebwa kwa machela.

Waliofika Rio walikuwa watatu. Hassan N'Dam wa Cameroon, aliyewahi kushika taji la dunia uzani wa kati na aliyekwisha kupigana Olimpiki ya Athens mwaka 2004, alitolewa katika pambano lake la kwanza na Michel Borges wa Brazil. Amnat Ruenroeng wa Thailand alishinda moja, kisha akapigwa na Sofiane Oumiha wa Ufaransa. Carmine Tommasone wa Italia naye alishinda moja, akakomea kwa Lázaro Álvarez wa Cuba. Hakuna aliyepata hata shaba.

Pambano la Tommasone nililitazama kwenye mkahawa mmoja upande wa barabara ya Casuarina, nimekaa na mzee wa Kiitaliano aliyehamia Malindi zamani na Kiswahili chake amejifunzia sokoni. Katikati ya pambano mzee aligonga meza kwa vidole akasema, "Anangoja. Anangoja nini?" Sikulisahau neno hilo. Bondia wa raundi kumi ana haki ya kungoja. Wa raundi tatu hana muda huo.

Na ili usidhani watu hawa walikuwa wachovu, mtazame N'Dam tena. Mei 2017, miezi tisa baada ya kutolewa Rio, alikwenda Tokyo akapigana raundi kumi na mbili na Ryota Murata, mwenye dhahabu ya Olimpiki ya London 2012, akatoka na ushindi wa pointi na mkanda wa WBA, chombo kingine cha aina ya WBC. Kadi za majaji zilizua ugomvi mkubwa, na Murata alimlipiza Oktoba mwaka huohuo. Lakini mtu aliyeshindwa kuvuka dakika tisa za ridhaa alisimama dakika thelathini na sita mbele ya bingwa wa Olimpiki, na majaji wawili kati ya watatu wakampa pambano. Hiyo ni michezo miwili tofauti, ingawa glovu zinafanana.

Kisha ikaja Olimpiki ya Tokyo, ile iliyosogezwa hadi 2021. Albert Batyrgaziev wa Urusi alichukua dhahabu ya kilo 57, akawa bondia wa kwanza mwenye mapigano ya kulipwa kushinda dhahabu ya Olimpiki. Mpinzani aliyeshindwa naye kwenye fainali, Duke Ragan wa Marekani, naye alikuwa wa kulipwa. Keyshawn Davis wa Marekani alipata fedha. Eumir Marcial wa Ufilipino alipata shaba. Wote wanne hawakuwa wamefikisha mapigano matano ya kulipwa kila mmoja. Walikuwa vijana wa ridhaa waliochungulia upande wa pili wakarudi kabla mwili haujabadilisha tabia.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kama mabondia wa kulipwa waruhusiwe katika mashindano makubwa ya ridhaa, mimi humuuliza: yupi? Wa raundi ngapi?

Daftari kabla ya glovu

Usimvishe mtu glovu siku ya kwanza. Kaa naye na daftari. Andika kila pambano lake la kulipwa: tarehe, raundi zilizopangwa, raundi zilizopigwa, liliishaje, aliangushwa mara ngapi, alikaa muda gani kabla ya kupigana tena. Muulize na yale ya kienyeji, ya viwanja vya sherehe ambayo hayakuandikwa popote. Muulize mkewe au mama yake kama siku hizi analala vizuri, kama anasahau, kama amekuwa mkali bila sababu. Bondia mwenyewe atakuficha, mama hafichi.

Yule mtu mzima niliyemkatalia, tulipojumlisha raundi zake zilivuka mia. Alikuwa amepigwa KO mara mbili ndani ya mwaka mmoja, na baina ya KO hizo kuna promota aliyempandisha ulingoni tena kabla miezi miwili haijaisha. Kanuni za ridhaa zimezoea kumpumzisha aliyepigwa KO siku zisizopungua 30 hata kama ni ya kwanza, na ikijirudia muda unaongezwa sana. Nilipoyaona hayo sikuhitaji kumuona akirusha konde.

Sisi Wakenya tuna sababu ya kuwa waangalifu. Robert Wangila alituletea dhahabu ya Seoul mwaka 1988, mpaka leo ndiyo dhahabu pekee ya Olimpiki ya Kenya nje ya riadha. Akaenda kulipwa Marekani. Julai 1994 alipigana Las Vegas, akafariki baada ya pambano hilo. Kila ninapofungua daftari la bondia namkumbuka.

Mpaka wangu ni huu, na ni wangu mimi, si sheria ya chama chochote: asiwe amefikisha mapigano kumi, asiwe amezoea kupigana zaidi ya raundi sita, na asiwe amepigwa KO ndani ya mwaka mmoja uliopita. Umri nao uutazame, maana Olimpiki humkomesha bondia kwenye miaka 40, na mzunguko wa miaka minne humla mtu haraka. Marcial huyohuyo wa shaba ya Tokyo alirudi Paris mwaka 2024, mapigano yake ya kulipwa yameongezeka, akatolewa katika pambano lake la kwanza.

Ukimkatalia mtu, mkatalie ana kwa ana, wewe na yeye, umpe chai. Usimtangaze ukumbini.

Mizani ya alfajiri

Hapa ndipo wengi hukwama, na hapa ndipo nitakaa.

Kwa kulipwa unapima uzito siku moja kabla ya pambano. Bondia anajikausha, anapima, kisha ana siku nzima ya kunywa, kula na kulala. Anaingia ulingoni akiwa mzito kuliko karatasi inavyosema. Ridhaa haina nafasi hiyo. Katika mashindano unapima asubuhi ya siku unayopigana, na ukishinda unapima tena asubuhi ya pambano linalofuata, na tena, mpaka fainali. Ujanja wa kujikausha kilo tano utakupitisha asubuhi ya kwanza. Asubuhi ya tatu utakuwa mgonjwa.

Tazama alivyofanya Amnat. Mei 2016 alikuwa bado bingwa wa IBF wa uzani usiofika kilo 51. Agosti, kule Rio, alipigana kilo 60. Alipanda kilo tisa, akakutana na watu warefu na wazito kuliko wote aliowazoea. Nadhani hakuwa na njia nyingine kwa muda aliokuwa nao, lakini ndiyo gharama ya kuamua kwa haraka.

Kijana wa Muyeye alipigana kulipwa kilo 57. Nilimleta kwenye duka la nafaka la jirani yangu, lenye mizani ya kupimia magunia, saa kumi na mbili asubuhi, tumbo tupu. Mizani ikasoma 62 na nusu. Nikamuuliza, "Hizi tano na nusu huwa unazipeleka wapi?" Akaniambia: siku mbili bila maji, mfuko wa plastiki chini ya fulana, kukimbia saa saba mchana kwenye mchanga. Kwa joto la Malindi wakati wa kaskazi! Niliwahi kumuona kijana akianguka kwa mchezo huo karibu na gati, midomo imekauka kama ngozi ya papa, tukamkimbiza hospitali kwa tuktuk. Nikampiga marufuku hapohapo.

Njia yangu ni hii. Mpime kila siku alfajiri, wiki mbili, bila kubadilisha chakula, uandike. Huo ndio uzito wake wa kweli. Kisha mtafutie daraja la uzito ambalo halimtaki apunguze zaidi ya kilo mbili, na hizo mbili azipunguze kwa wiki sita, si kwa siku mbili. Huyu nilimwambia asahau 57. Tukatazama orodha ya madaraja ya mashindano tuliyoyalenga, maana madaraja ya ridhaa hubadilishwa kila mara na yale uliyoyajua miaka mitano nyuma huenda hayapo tena. Tukaamua apande.

Chakula hatukukivuruga. Mtu wa pwani ukimwambia ale kuku wa kuchemsha na brokoli atakuitikia kisha ajifiche kula. Asubuhi mahamri mawili badala ya matano. Mbaazi zibaki ila tui lipungue. Samaki wa kuchoma badala ya wa kupaka, muhogo wa kuchemsha mchana, dafu baada ya mazoezi. Halwa mpaka siku ya harusi ya dada yake. Wiki ya tano alikuwa ameshafika, na alikuwa anacheka, jambo ambalo sijawahi kuliona kwa bondia anayejikausha.

Wiki mbili za mwisho tukaigiza mashindano. Jumatatu mizani alfajiri, sparingi kali (pambano la mazoezi) jioni. Jumatano hivyohivyo na mtu mwingine. Ijumaa tena, na mtu wa tatu. Lengo ni mwili ujue kuamka na uzito uleule baada ya kupigwa jana. Mara ya kwanza Ijumaa alikuwa gramu mia nne juu. Tulikuta ni chumvi ya samaki wa Alhamisi usiku.

Ikiwa Ramadhani imeangukia katikati ya maandalizi, usiigize mashindano mwezi huo kwa anayefunga. Mazoezi mepesi kabla ya futari, kazi ya ulingo baada ya tarawehe, na ratiba yote isogezwe. Nimejaribu kuiminya mara moja, nikampoteza bondia kwa homa ya wiki mbili.

Dakika tisa mbele ya watu watano

Ridhaa ya wakubwa ni raundi tatu za dakika tatu. Majaji ni watano, wamekaa pande zote za ulingo, na kila mmoja hutoa kumi kwa mshindi wa raundi. Bondia wa kulipwa hutumia raundi ya kwanza kumsoma mwenzake. Ukifanya hivyo kwenye ridhaa umeshampa theluthi ya pambano, na unabaki unadaiwa raundi zote mbili zilizobaki.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalofundisha ni mwanzo. Kengele ikilia, sekunde arobaini za kwanza lazima zianze na konde lake, katikati ya ulingo, ngumi ya mbele mara mbili kisha ya nyuma, halafu kando. Tunarudia sekunde hizo arobaini mara ishirini kwa jioni moja, na watu tofauti. Inachosha kuitazama. Inabadilisha mtu.

Mbio nazo hubadilika. Wa kulipwa amezoea kukimbia taratibu mpaka daraja la Sabaki na kurudi. Mimi humtoa huko nikamleta Silversands maji yakitoka, mchanga mgumu, dakika tatu kwa nguvu zote na dakika moja ya kupumua, mara nne. Mwezi mzima. Pumzi ya dakika tisa ni pumzi nyingine.

Halafu kuna majaji wangu. Hili nalipenda kuliko yote na halina gharama. Ninaweka viti vitano kuzunguka ulingo. Ninaalika watu watano wa mtaa ambao si watu wa ndondi: muuza samaki, dereva wa tuktuk, ustadhi wa madrasa ya nyuma yetu, mwanafunzi wa kidato cha nne, na mama anayetuuzia mahamri. Kila mmoja anapewa karatasi tatu. Baada ya kila raundi anaandika nani kashinda, mwekundu au buluu, anaikunja, haruhusiwi kusema. Mwisho ninazisoma kwa sauti.

Mara ya kwanza kijana wa Muyeye alikuwa na uhakika ameshinda. Alikuwa amefanya kazi ya kulipwa hasa: karibu karibu, makonde mafupi ya mbavu, bega kifuani mwa mwenzake. Karatasi zikamnyima raundi mbili kati ya tatu. Akageuka kwa uchungu kumuuliza yule mama, "Mama, hukuona nilivyompiga mbavu?" Mama akamjibu kwa upole, "Mwanangu, mimi nilikuona mgongo tu."

Niliacha mazoezi ya siku ile yaishie hapo. Tangu hapo tulifundisha konde linaloonekana: refu, la wazi, linalorudi haraka, na baada yake anageuka ili pande zote za ulingo zimuone. Mbavu hatukuziacha, ila si kwa kung'ang'ania. Refa wa ridhaa humtenganisha mtu upesi, humwonya anayeshika na anayeingia na kichwa chini, na maonyo humgharimu pointi. Vilevile refa wa ridhaa humhesabia bondia mpaka nane akiwa bado amesimama. Wa kulipwa asiyelizoea hilo hubishana na refa au hulegea akidhani pambano limekwisha. Tunaigiza na hilo: mimi napiga filimbi ghafla, nahesabu, naye lazima ainue mikono, anitazame machoni, atembee hatua mbili mbele.

Kwa mabinti hesabu inageuka, na makocha wengi hawalioni. Ndondi za kulipwa za wanawake kwa kawaida ni raundi za dakika mbili. Ridhaa ni dakika tatu. Binti wa Kisumu Ndogo niliyemwandaa alikuwa moto mpaka dakika ya pili, kisha mikono ikashuka kana kwamba kengele imelia kichwani mwake. Tulitumia mwezi mzima kuijenga hiyo dakika ya tatu peke yake: anaanza raundi akiwa ameshachoka, kamba kwanza dakika mbili, kisha dakika moja ya sparingi na mtu mpya. Pia wanawake huvaa kofia ya kinga kwenye ridhaa, wanaume wakubwa walivuliwa tangu mwaka 2013. Binti aliyezoea kulipwa bila kofia hupoteza macho ya pembeni, konde la ndoano la kulia halioni likija. Mvishe kofia tangu siku ya kwanza, hata kwenye gunia.

Makaratasi

Haya nitayapita haraka, ila usiyapuuze, yamewarudisha watu kutoka Nairobi kwa basi la usiku bila kurusha konde.

Kama ana mkataba na promota, usomeni pamoja mstari kwa mstari, mtafute wakili kama mna njia. Tafuta kifungu kinachomzuia kupigana kwingine, na mpate ruhusa kwa maandishi, iliyosainiwa. Ahadi ya simu si kitu. Kama yumo kwenye orodha ya bora ya chombo chochote cha mikanda, aulize mapema atapoteza nini. Ridhaa hapa kwetu iko chini ya Shirikisho la Ndondi la Kenya, BFK, na kulipwa kuna tume yake, kwa hiyo usidhani ofisi moja inajua yaliyoandikwa kwenye nyingine. Peleka mwenyewe rekodi yote ya mapigano, pamoja na KO, na cheti kipya cha daktari. Usifiche pambano hata moja.

Na uulize mashindano yako chini ya nani. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliisimamisha AIBA mwaka 2019, ikaiondolea utambuzi kabisa mwaka 2023 ikiwa imeshajiita IBA, na mwaka huohuo wa 2023 likaanzishwa shirikisho jipya, World Boxing, lililopewa utambuzi wa muda Februari 2025. Mwezi uliofuata ndondi ikathibitishwa kwa Los Angeles 2028. Safari ya kwenda Olimpiki inapita mlango mmoja, na si kila mkanda wenye neno "dunia" unafika huko.

Aliyekuwa akiingoja nafasi hiyo

Kila anaporudi wa kulipwa, kuna kijana aliyekuwa akingoja kwenye foleni. Katika ukumbi wangu alikuwa mvulana wa Ganda, miaka ishirini, anatembea na baiskeli ya baba yake kuja mazoezini, hajakosa siku. Daraja lilelile aliloliangukia kijana wa Muyeye. Hili ndilo lililoninyima usingizi, kuliko mizani na makaratasi. Philip Waruinge alileta shaba ya Mexico 1968 na fedha ya Munich 1972 kabla ya kwenda kulipwa Japani. Stephen Muchoki alikuwa bingwa wa dunia wa ridhaa mwaka 1978, kulipwa kukafuata. Ridhaa kwetu ilikuwa ngazi ya kijana asiye na kitu. Ukimweka juu yake mtu aliyeshapanda, uwe na sababu unayoweza kumwambia baba wa mvulana machoni.

Sheria niliyoweka ni kwamba nafasi haitolewi kwa jina. Wanapigana, hadharani, raundi tatu, refa kutoka ukumbi mwingine, na wale majaji watano wakiwa watu wasio na undugu na yeyote. Kabla ya hapo wamefanya sparingi mara sita mbele yangu, ili nijue hakuna atakayeumia: mara tatu za kwanza wa kulipwa anatumia mkono wa mbele peke yake. Nikiona tofauti ya nguvu ni kubwa mno, pambano halipo, na wa kulipwa ndiye anayetafuta daraja lingine.

Tulilifanya Jumamosi baada ya alasiri. Baba wa mvulana alikuja na kofia yake ya vito, akakaa kiti cha mbele. Raundi ya kwanza mvulana wa Ganda akaichukua kwa kasi, karatasi nne kwa moja. Ya pili ikaenda Muyeye. Ya tatu ilikuwa konde kwa konde mpaka kengele, ukumbi mzima umesimama, na karatasi zikawa tatu kwa mbili: Muyeye. Nilizisoma mara mbili ili kila mtu asikie. Baba akaamka, akampa mkono kijana wa Muyeye, akasema, "Nenda, mwanangu. Na huyu wangu umfundishe hiyo raundi ya pili."

Hilo nimeligeuza kuwa sharti. Anayechukua nafasi anamfundisha aliyeikosa, siku mbili kwa wiki, mpaka siku ya kupanda basi, na akirudi anaendelea. Nauli ya mchujo wa Nairobi nachangisha ya watu wawili, ili mvulana akae kwenye kona, abebe ndoo, aone mizani ya asubuhi inavyopimwa na majaji wanapokaa.

Wakirudi, wote wawili wanapumzika. Hakuna sparingi wiki nne, hata promota akipiga simu na pesa mkononi. Na alfajiri ya siku inayofuata, tumbo tupu, naenda nao tena dukani kwenye mizani ya magunia, naandika namba zao kwenye ukurasa mpya.